Lugha Asiyoijua Nguzo

Ofisini walimwita Nguzo, na tuseme ukweli, jina lile lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Mwite mtu Nguzo kwa miaka kumi na mmoja, uone kama hataanza kutembea akidhani paa limeegemea kichwani mwake. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kitambi cha kukaa sana kitini, na jozi mbili za miwani, moja ya kuonea kompyuta na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za simu. Ile kubwa kuliko zote, iliyoilisha ofisi nzima ya watu wanne, ilikuwa ya wauguzi wa majumbani, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kusafisha vidonda vya watu waliotoka hospitali, wakabadilisha bandeji, wakapima sukari, kisha wakaandika kila kitu kwenye simu. Nguzo aliiandika peke yake kwa lugha ya Java, mstari baada ya mstari. Muuguzi akikwama barabarani hakupiga ofisini, alimpigia yeye. Naye alipokea popote alipo, hata akiwa bafuni na povu masikioni.

Basi hospitali ikaleta habari. Nusu ya wauguzi wangepewa iPad, nusu iliyobaki wangeendelea na simu zao za Android, na wote walitaka programu ileile. Programu ya Nguzo kwenye iPad haifunguki hata kwa dawa. Mkurugenzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo na asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini kwake akafunga mlango.

"Njia ni mbili," alisema. "Tuiache hii ya Java kwenye simu, halafu tuandike nyingine ya Swift kwa ajili ya iPad. Au tuanze upya kwa Dart, tuandike mara moja, iende kotekote. Wewe ndiye utakayeibeba, kwa hiyo wewe ndiye utakayeamua. Andika pendekezo, mimi natia saini."

"Hata nikisema Java ibaki?"

"Hata ukisema hivyo. Ila utapitia utaratibu kama wengine."

Nguzo alitoka akitabasamu, lakini moyoni hakukuwa na tabasamu. Dart hakuijua hata chembe. Aliyeijua ni Kidoti, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekaa dawati la dirishani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi aliyonayo shavuni. Kidoti aliijua Dart kama mtu anavyoijua namba yake ya simu. Ikichaguliwa Dart, kiongozi angekuwa Kidoti, na Nguzo angekaa pembeni yake na daftari, akiuliza mambo ya darasa la kwanza. Kisha mwaka mmoja mbele, mtu angeuliza kwa upole yule mzee anafanya nini siku hizi. Aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa.

Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Kidoti hakuwa na kiburi ambacho angekishika akamchukia nacho vizuri. Asubuhi alisimama kabisa kumwamkia. "Shikamoo, mzee," halafu anaulizia watoto wake pacha walioko chuoni, anakumbuka hata nani kati yao alikuwa na mtihani. Utamkasirikia vipi mtu wa namna hiyo?

Utaratibu aliousema mkurugenzi ulikuwa na jina: Siku ya Kutokuwepo. Kila anayependekeza chombo kipya huandika kipande kidogo cha kazi kwa chombo hicho. Kisha siku moja hubaki nyumbani, simu imezimwa, na wenzake hupewa hitilafu ambayo mkurugenzi ameitia kwa makusudi ndani ya kipande kile. Kazi yao ni kuitengeneza bila kumwuliza mwenyewe. Mkurugenzi aliuanzisha baada ya Nguzo kuugua mwaka uliopita, na Nguzo aliusifu sana, kwa sababu alidhani ni wa watu wengine.

Kipande cha safari hii kilikuwa ukurasa wa kidonda, pale muuguzi anapoandika ukubwa wa kidonda, anakipiga picha, na programu inampangia siku ya kurudi. Nguzo auandike kwa Java, Kidoti auandike kwa Dart, wote waanze na ukurasa mtupu. Walipewa wiki mbili. Nguzo alimaliza kwa siku sita, akazunguka madawatini na kikombe cha chai akijifanya anatafuta sukari, ili waulize. Waliuliza. Ukurasa wake ulifunguka haraka sana, na picha ilihifadhiwa hata pasipo mtandao. Kidoti alimaliza siku ya kumi na tatu, macho mekundu, na ukurasa wake ulichelewa kidogo kufunguka kwenye simu za zamani. Nguzo alilala vizuri siku hiyo.

Siku ya Kutokuwepo ikafika, Jumatano. Kidoti alibaki kwao, lakini zamu yake ya kubaki ilikuwa asubuhi tu, kwa sababu mchana alitakiwa aje kuhangaika na ukurasa wa Nguzo. Nguzo alitakiwa kubaki siku nzima.

Kufikia saa tatu alikuwa ameshapanga viatu, amefuta friji, na amezima na kuwasha redio mara nne. Mke wake alishona sare za shule pale sebuleni, na cherehani yake ilikuwa chini ya dirisha, na marundo ya kola nyeupe yamejaa kwenye kochi. Hakuzoea kuwa na mume nyumbani siku ya kazi.

"Baba Pacha, keti," alisema. "Unanitia kizunguzungu."

"Simu imezimwa, Mama Pacha. Wakikwama je?"

"Si ndiyo maana yake? Wakwame. Chukua pasi, nipigie hizo kola."

Akapiga pasi. Kazi ile ilimtuliza kidogo, na kwa kuwa ametulia, ulimi ukafunguka. Akaanza kusimulia kisa chake cha siku zote, alichokisimulia harusini, msibani, na kwa fundi bomba: jinsi kidole tumbo kilivyompasukia mwaka jana, akafanyiwa upasuaji, na bado akiwa kitandani na mpira puani programu ikakwama, wauguzi mia mbili hawawezi kufanya kazi, ofisi inampigia, naye akawasomea marekebisho kwa kichwa, herufi kwa herufi, saa nzima na dakika kumi. Kila mara alipofika hapo watu waliangua kicheko wakampa mkono.

Mama Pacha hakucheka. Cherehani ilisimama.

"Simu aliishika nani?" aliuliza.

"Wewe. Uliniwekea sikioni."

"Unajua dakika tano kabla ya simu kulia nilikuwa wapi?"

Nguzo hakujua. Hakuwahi kuuliza.

"Nilikuwa kwenye korido na daktari. Aliniambia sumu imeenea tumboni, dawa wameshaweka, sasa wanasubiri, na saa mbili zijazo ndizo zitakazoamua. Akaniambia, mama, kama una la kumwambia mumeo, nenda kamwambie sasa hivi. Nikajikaza, nikafuta uso, nikaingia na maneno yangu. Sijaketi, simu ikalia. Ukaniambia shika hapa. Nikashika. Saa nzima nimeinama, mgongo unawaka, nakusikia unasema fungua mabano, funga mabano. Nikawaza, basi hivi ndivyo. Nimeishi na huyu mtu miaka ishirini na sita, na neno lake la mwisho duniani litakuwa funga mabano."

Pasi ilikuwa imesimama juu ya kola. Aliinyanyua haraka, lakini alama ya kahawia ilikuwa imeshapigwa.

"Ulitaka kuniambia nini?" aliuliza.

"Nimesahau." Mama Pacha alivuta kola iliyoungua, akaitazama, akaitupa kwenye kapu la vipande. "Sikufichi, Baba Pacha, nimesahau kweli. Ulipopona nilifurahi, nikasema nitakumbuka, sikukumbuka. Hilo ndilo linaloniuma."

Nguzo alipiga pasi kola arobaini zilizobaki, na mke wake akashona, na ile redio haikuwashwa tena.

Alhamisi aliwahi ofisini kabla ya wote, akamkuta Sista ameshawahi zaidi. Sista alikuwa muuguzi kweli kabla ya kuja pale. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu programu kabla hazijatoka, na katika miaka miwili alijifunza kuandika kiasi cha kurekebisha vitu vidogovidogo. Alikuwa mtu wa kusema kitu kama kilivyo, na mbele yake kulikuwa na makaratasi mawili.

"Ilikuwaje?" Nguzo aliuliza, akijifanya anavua koti.

"Hitilafu ilikuwa ileile kwenye kurasa zote mbili. Mgonjwa akibadilishiwa bandeji siku ya mwisho wa mwezi, programu inagoma kumpangia siku ya kurudi. Ukurasa wa Kidoti niliurekebisha mimi. Dakika arobaini."

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu, na chapati mkononi."

"Na wangu?"

Sista alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama ndugu wa wagonjwa. "Tuliingia mimi na Kidoti tangu saa sita. Mkurugenzi alivuta kiti akatutazama tu, maana ndiye aliyeitia. Saa kumi na moja tukazima taa tukaenda nyumbani."

"Hamkuweza?"

"Hatukuweza."

Nguzo aliufungua ukurasa wake. Hitilafu aliiona papo hapo, ikiwa imekaa pale kama inzi kwenye maziwa. Dakika tatu zingemtosha. Vidole vikamwasha, na moyo, afadhali tuseme yote, ukamvimba kwa fahari. Watu wawili wameshindwa, yeye dakika tatu. Kidoti akaingia wakati huo, akaweka mkoba chini, akaamkia.

"Marahaba. Kumbe Java inawasumbua vijana," Nguzo alisema. Alitaka iwe utani.

Kidoti alivuta kiti akakaa karibu naye. "Java naijua, mzee. Nimeisoma miaka mitatu chuoni. Nisichokijua ni wewe." Akanyoosha kidole kwenye kioo, bila ukali. "Hii umeiita k1. Hii k2. Hii k2 mpya. Hii k2 mpya kweli. Sisi tutajuaje ipi ndiyo ya tarehe? Na hapa, na hapa, na hapa."

Alichoonyesha ni yale maelezo ya pembeni, ambayo kompyuta huyaruka na binadamu ndiye huyasoma. Mwandishi huyaweka ili mwenzake aelewe nini kinafanyika. Nguzo alikuwa ameyaweka mara kumi na nne katika ukurasa mmoja, na yote yalikuwa neno moja kwa herufi kubwa: USIGUSE.

"Mimi nilikuwa muuguzi," Sista alisema kutoka dawatini kwake. "Nikikuta pameandikwa usiguse, sigusi."

Walicheka wote watatu, na Nguzo alicheka kwa sauti kuliko wao. Lakini baadaye alikwenda chooni, akafunga mlango, akasimama pale muda mrefu. Alikuwa ameuandika ukurasa ule mwenyewe, kwenye karatasi nyeupe, akijua kabisa kwamba siku itafika wenzake wausome bila yeye. Na bado mkono wake ulifanya kama ulivyozoea. Haikuwa lugha. Lugha haikumwandikia mtu usiguse.

Ijumaa aliketi kuandika pendekezo. Aliandika kurasa mbili kuitetea Java, na ziliandikika zenyewe. Programu iliyopo imeshazoeleka. Kwenye simu za zamani inafunguka haraka kuliko ile mpya. Kuandika upya kuna hatari zake, na wagonjwa si watu wa kufanyiwa majaribio. Hakuna hata moja ambalo mkurugenzi angelipinga, na alishaahidi kutia saini. Nguzo aliisoma barua yake mara ya pili. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na barua nzima ilikuwa uongo, kwa maana ilikuwa na jambo moja tu ndani yake, nalo ni kwamba anaogopa.

Aliwaza habari ya Swift. Wakiibakiza Java kwa simu na kuongeza Swift kwa iPad, ofisi ya watu wanne ingekuwa na programu mbili, kila moja na mtu wake, na kila mtu na simu yake itakayolia akiwa kitandani na mpira puani. Aliwaza pia mke wake ameinama saa nzima na dakika kumi. Akafuta kurasa zote mbili.

Jumatatu walikusanyika wote wanne kwenye ofisi ya mkurugenzi, kwenye viti ambavyo kimojawapo kina mguu mmoja mrefu kuliko mingine. Nguzo alisoma kwa sauti, miwani ya kompyuta ikiwa puani.

"Napendekeza Dart. Java haina kosa, na ningeomba isisingiziwe. Kosa la Jumatano ni langu. Ila tuko wanne, na wanne hatuwezi kubeba lugha mbili bila kila mmoja kubaki peke yake na mzigo wake. Kasoro ninayoijua ni kwamba kwenye simu za zamani itachelewa kidogo, na hilo tulihangaikie mapema. Sharti la kwanza, kiongozi awe Kidoti. La pili, mimi nifundishwe kuanzia mwanzo, na nisionewe haya. La tatu, hakuna ukurasa utakaokuwa wa mtu. Kila wiki tunabadilishana, na Kidoti naye atabadilisha."

Mkurugenzi alikuwa na kalamu mkononi, lakini hakutia saini bado.

"Unapendekeza lugha usiyoijua," alisema.

"Ndiyo."

"Umefikiria itakuwaje kwako?"

"Nimefikiria. Sikupenda nilichokiona." Akavua miwani. "Lakini tia saini tu, dada."

Kidoti alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wangedhani atafurahi. "Mzee," alisema, "mimi sitaki kuwa nguzo."

"Ndiyo sababu ya sharti la tatu," Nguzo alisema, na mkurugenzi akatia saini.

Miezi iliyofuata haikuwa na utukufu wowote. Nguzo alijifunza. Alikosea nukta na mabano kama mtoto wa shule, akauliza jambo moja mara tatu, na mara moja alipiga meza akatoka nje kwa robo saa. Kidoti alimrudishia kazi yake ikiwa na mistari myekundu, tena kwa heshima, jambo ambalo lilimuuma zaidi. Programu mpya ilitoka mwezi wa saba. Simu za zamani zilisumbua kweli, wakahangaika nazo wiki nne, zikakubali. Zamu za Jumamosi ziligawanywa kwa wote wanne.

Jumamosi moja mchana, isiyo zamu yake, Nguzo alikuwa sebuleni anapiga pasi kola, kazi ambayo siku hizi aliifanya bila kuambiwa. Mama Pacha alikuwa anapinda sketi, pini zimejaa mdomoni. Simu ikalia. Alikuwa muuguzi mmoja wa siku nyingi, mwenye namba yake tangu enzi za Java.

"Nguzo, niokoe. Niko kwa mgonjwa, picha ya kidonda haitaki kuhifadhiwa."

Angeweza kusema subiri, akafungua kompyuta, akatafuta. Pengine angepata.

"Piga ofisini, dada," alisema. "Kuna watu."

"Nimuulize nani?"

"Yeyote."

"Yeyote tu? Si wewe ndiye unayeijua?"

"Yeyote atakayepokea anaijua. Piga sasa hivi, usimcheleweshe mgonjwa."

Akakata. Aliiweka simu juu ya meza ya pasi, akaitazama. Dakika tano. Alijua kabisa kinachoendelea, Sista, mwenye zamu, amepokea, ameuliza maswali mawili, anatafuta. Dakika kumi. Ingeweza kulia tena wakati wowote, Sista akisema mzee, hapa nimeshindwa. Robo saa ikapita, kisha nusu saa, na simu haikulia. Ilimuuma. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa kuumia namna ile, nyumbani kwake, mbele ya rundo la kola. Na papo hapo, katikati ya maumivu yenyewe, mabega yake yalishuka, naye hakuwa ameng'amua kwamba kwa miaka kumi na mmoja yalikuwa juu.

Mama Pacha alikuwa anamwangalia. "Wanakuita kazini?" aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ya pini.

"Hapana," Nguzo alisema. "Hawanihitaji."

"Kwa hiyo huondoki?"

"Siondoki. Nipo."

Mama Pacha alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka zote kwenye sketi, kisha akaondoa marundo ya sare kwenye kochi ili wote wawili wapate mahali pa kukaa.